Nilimchongea mwanafunzi wangu kwa sababu alininyima neno lake la siri

Nimekosa. Nianze hapo hapo, maana nikianza kwa kujieleza nitajitetea mpaka mwisho na wewe utaniona mwema. Si shetani aliyenipitia, wala sikulishwa kitu. Ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha chai mkononi.

Kanisani kwetu tunaungama kila Jumapili, waumini wote kwa sauti moja. Ni vizuri, lakini dhambi yangu inajificha katikati ya sauti za watu, kisha natoka nje nasalimiana na wenzangu kama kawaida. Hapa angalau nitasema peke yangu. Jina langu silitaji, unisamehe. Aibu ninayo bado.

Nilikuwa mshauri wa masomo kwenye chuo kimoja hapa Tanga. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, wenye digrii zao tayari, waliorudi kusomea cheti cha juu cha usalama wa taarifa. Kwa asiyejua, ni masomo ya kulinda kompyuta na mifumo ya ofisi dhidi ya wezi wa mtandaoni. Mimi sikufundisha. Kazi yangu ilikuwa kumkalisha mtu mezani, kumwambia aanze na somo gani, lipi lisubiri, lipi halimfai kwa kazi anayoitaka, kisha nahakikisha amejisajili. Na waajiri wakitaka kujua habari za mwanafunzi, walinipigia mimi.

Wote waliniita Mama. Si kwa cheo wala kwa jina. Mama, basi. Na mie nilipenda, usione! Nimezaliwa Pongwe, baba yangu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na utotoni nilizoea kusikia vijana wa ofisini wakimwita "wewe, njoo hapa." Nilipopata meza yangu na kiti changu cha kuzunguka, nikaapa kwamba mimi hakuna atakayenichukulia hivyo. Heshima niliitaka, na nisipoipata nanuna mpaka watu wanajua Mama leo kanuna.

Sasa kosa lenyewe lilianza kama wema. Wanafunzi wangu walikuwa watu wa kazi. Mmoja yuko mpakani Horohoro, mwingine benki, mwingine anafundisha shule. Wanafika chuoni wamechoka, mfumo wa kujisajili unajivuta, na siku ya mwisho ikipita umepitwa. Nikawa nawahurumia. "Haya mwanangu, nipe paswedi yako uende ukapumzike. Mama atakusajili."

Na wanatoa!

Hebu fikiria. Mtu ametoka darasani sasa hivi, ameambiwa neno lake la siri asimpe hata mkewe. Anavuka ukumbi, anaingia kwangu, namuomba, ananitajia. Mwingine anacheka, "Mama, mwalimu akinikamata hapa nimefeli." Tunacheka wote. Nani hapa kwetu atamwambia mama mtu mzima "sikupi"? Hata kama hutaki, unazunguka. Unasema umesahau, unasema simu imezima, unasema utaleta kesho. Hapana kavu kavu, usoni mwa mkubwa, haisemwi.

Kwa hiyo nilikuwa nayo ya kila mtu. Nyingine kwenye simu, nyingine kichwani. Nilijiona mlezi kwelikweli.

Ndipo akaja binti mmoja. Nitamwita Saada, ingawa si jina lake. Mpemba, mwenye digrii ya kompyuta, alikuwa akifundisha sekondari kabla ya kuja kwetu. Alikaa Ngamiani kwa shangazi yake, chumba kimoja na binamu zake, na chuoni alikuja kwa baiskeli, buibui amelikunja vizuri lisinase kwenye mnyororo.

Siku ya kwanza nilimpenda. Nilimuuliza ninavyowauliza wote, "Mwanangu, cheti hiki unakitakia nini?" Wengi hunijibu kupanda cheo. Yeye akasema, "Mama, mamangu yuko Pemba peke yake. Macho yake yanakwisha, na daktari kasema yakenda hayarudi. Kuna kampuni hapa mjini ya uwakala wa forodha, wanaitoa mizigo ya watu mpakani na bandarini. Wameniahidi kazi ya kulinda mifumo yao nikimaliza tu. Nikiipata napanga vyumba viwili, namleta mama. Nataka akae na mie angali ananiona."

Nikamwambia, "Tutafika, mwanangu." Nikampangia masomo yake vizuri, na mpango ule ulikuwa mzuri kweli, hilo silikani. Laiti ningeishia hapo!

Siku ya kujisajili ikafika. Ofisi imejaa, benchi la nje limejaa, na ndani wamekaa wawili watatu wakisubiri zamu. Mmoja wao nitamwita Mhina, mtu wa Horohoro, mcheshi, mtiifu, kila akipita Muheza ananiletea machungwa. Saada akaketi mbele yangu, "Shikamoo mama," nikaitika marahaba, nikafungua kompyuta.

"Haya, Saada. Paswedi."

Akainamisha macho. "Mama, nisamehe sana. Hiyo sitakupa."

Nikadhani anatania. "Unasemaje?"

"Sitakupa, mama. Niruhusu niandike mwenyewe hapa hapa mbele yako. Wewe uniongoze masomo tu."

Mhina akaguna kwa sauti. "Lo! Mpemba huyu! Mama wa watu atakuibia nini?"

Nami nikadaka hapo hapo. "Eeh, niambie, nitakuibia nini? Hiyo simu yako iliyopasuka kioo?" Watu wakacheka. Nilitaka wacheke.

Saada hakucheka wala hakukasirika. Akasema polepole, "Huniibii, mama. Lakini nikizoea kumpa kila ninayemheshimu, mwizi naye atakuja na jina la mtu ninayemheshimu."

Alikuwa sahihi! Neno kwa neno ndicho walichomfundisha, na ndicho chuo kilichokuwa kinampa maksi. Mshauri mwenye akili angesimama, ampe kiti chake aandike, kisha awaambie wale wengine wabadilishe zao siku ile ile.

Mie nilisikia nini? Nilisikia nimeitwa mwizi, mbele ya watu, ndani ya ofisi yangu. Uso ukanipata moto. Nikamwona kama wale vijana waliomwita baba yangu wewe, na hali binti wa watu aliniita mama kila sentensi! Nikamgeuzia kompyuta kwa nguvu mpaka kikombe kikamwagika. "Andika. Andika, bibi mkubwa."

Tangu siku hiyo nikamwekea kinyongo. Akija kutaka saini yangu kwenye fomu ya masomo, namwambia njoo kesho. Kesho akija, nimetoka. Nimetoka wapi? Niko chumba cha pili nakunywa chai, namsikia akiuliza. Kuna somo moja la kuchunguza uhalifu wa kwenye kompyuta, nafasi zake chache na wote wanalitaka. Nikaikalia fomu yake mpaka nafasi zikajaa, halafu nikamwambia kwa sauti ya huruma, "Pole mwanangu, umechelewa, utalisoma wakirudia." Ikabidi asubiri muhula mwingine mzima. Macho ya mama yake hayakusubiri. Nilijua, maana aliniambia, na bado nilifanya.

Hakulalamika kwa mtu. Alirudi kila nilipomwita, shikamoo yake iko pale pale. Hiyo nayo ikanichoma, nikaona ananifanyia unafiki. Mtu ukishamchukia, hata akikuamkia unaona anakutukana.

Pamoja na yote akamaliza. Na alimaliza vizuri kuliko wenzake wote, Mhina akiwemo.

Ndipo simu ikapigwa. Alikuwa mwenye ile kampuni ya forodha, nitamwita Bwana Hiza, mtu wa makamo, muungwana, tunafahamiana tangu zamani kwa sababu huchukua wanafunzi wetu. Alikuwa ananipigia kwa desturi tu. Moyoni alishaamua kumchukua Saada.

"Mama, huyu binti wa Kipemba nataka aanze kazi. Unasemaje?"

Nikanywa chai kidogo. "Kichwani yuko vizuri sana."

"Alhamdulillahi."

"Ila..." nikasema. Kisha nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza makusudi! Mtu mzima najua kazi ya kunyamaza pale.

"Ila nini, mama? Niambie, tusije tukajuta."

"Hashauriki. Mkubwa akimwambia jambo, anabisha. Mimi mwenyewe alinikatalia kitu kidogo tu, mbele za watu, bila haya."

"Wewe? Alikukatalia wewe?"

"Mimi, baba."

Akavuta pumzi. "Basi, nimekuelewa. Mimi mjuaji ofisini simtaki." Akaniuliza kama nina mwingine, mtiifu. Nikamtajia Mhina.

Sasa angalia nilichokifanya, maana hapa ndipo roho yangu inaponiuma. Sikutunga yote. "Hashauriki" na "bila haya" niliongeza mimi, lakini kukataliwa kulikuwa kweli. Alinikatalia, mbele za watu, kitu kimoja. Sikumwambia ni kitu gani! Ningesema "alininyima paswedi yake," Bwana Hiza angecheka na kumwajiri mchana ule ule, maana alikuwa anatafuta mtu wa kukataa. Mlinzi anayekubali kila anachoambiwa ni mlinzi wa nini? Nilijua hivyo. Ndiyo maana sikukitaja.

Nikakata simu, nikamaliza chai yangu. Nilijisikia vizuri, sitakuficha. Nilijisikia nimemkomesha.

Baada ya siku chache Saada akaja ofisini. Hakuketi. Akaniamkia, akasema, "Mama, ile kazi wamenikatalia. Hawakunambia kwa nini. Walishanambia nikaripoti, mara wananambia nafasi imejazwa. Wewe hukusikia lolote?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye mshauri wake. Alikuja kuuliza moto kwa aliyeuwasha.

Nikamwambia, "Ndiyo dunia hiyo, mwanangu. Vumilia."

Akasema, "Ahsante, mama." Akatoka. Nikamwona kupitia dirishani akisukuma baiskeli bila kuipanda, mpaka akapotea kwenye kona ya geti.

Muda ukapita. Saada akawa anatafuta kazi hapa na pale, na kila alipokwenda watu waliuliza mbona wale wa forodha walimwacha. Tanga yetu unaijua, neno likitoka Ngamiani asubuhi, mchana limefika Pongwe. Mhina akawa ndani ya kampuni, anapendwa, ananipigia kunisalimia. Nikawa natamba, "Yule mnamuona? Nilimlea mimi."

Kisha siku moja asubuhi simu yangu ikaita. Jina la Saada. Nikaiangalia ikiita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Nikasema moyoni, huyu kashajua, anakuja kunililia. Nikaigeuza kifudifudi mezani, nikaendelea na kazi.

Ungejua! Binti yule hakuwa ananililia. Alikuwa ananiokoa.

Kuna watu, mpaka leo hawajajulikana, walifungua namba mpya wakaweka picha yangu na jina langu. Wakawaandikia wanafunzi wangu wa sasa na wa zamani. Waliandika kama mimi kabisa. "Haya mwanangu, mfumo wa chuo unasumbua, kuna namba itaingia kwenye simu yako, nitumie Mama pamoja na paswedi yako nikurekebishie." Sijui walijifunza wapi lugha yangu, ila haikuwa siri, maana niliisema kila siku mlango ukiwa wazi.

Saada naye aliipata. Akaitazama namba, akajua mara moja si mimi. Akanipigia niwaonye wenzake, mie nikageuza simu. Akaniandikia, "Shikamoo mama. Kuna mtu anatumia jina lako kuomba namba za siri. Tafadhali waambie watu wasitoe." Nilikuja kuusoma ujumbe huo mchana, nikiwa nimeshaanza kupigiwa simu za vilio.

Wenzake walitoa wote. Mmoja baada ya mwingine, watu wenye vyeti vya usalama wa taarifa! Hakuna aliyeuliza, maana hakuna aliyewahi kuniuliza. Mimi ndiye niliyewazoesha. Darasani waliambiwa usitoe, kwangu wakafundishwa utoe, na somo langu ndilo lililowaingia.

Na Mhina akatoa. Tena Mhina alikuwa ametumia neno moja la siri kila mahali, la chuo ndilo la kazini. Wezi wakaingia kwenye kompyuta za kampuni, wakazifunga zote. Hati za mizigo hazifunguki, malori yamesimama Horohoro, madereva wanalala chini ya magari, wenye mali wanatukana. Wafanyakazi wakakaa ofisini wanatazamana. Mhina wa watu akafukuzwa. Namwonea huruma, lakini najua nani alimfanya vile alivyo.

Bwana Hiza akaja chuoni mwenyewe. Hakupiga hodi. Alikuwa hajalala, shati limekunjamana, na mtu yule siku zote ni nadhifu.

"Mama, Mhina anasema alidhani ni wewe. Anasema alizoea kukupa. Ni kweli?"

Nikaanza, "Unajua, wanafunzi walikuwa na shida ya muda..."

"Ni kweli au si kweli?"

"Kweli."

Akakaa, akajifuta uso. Kisha akainua kichwa taratibu, nikajua kashafika pale nilipokuwa naogopa afike. "Yule binti wa Kipemba. Uliniambia alikukatalia kitu kidogo. Kitu gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatazama meza.

"Mama, nakuuliza."

"Paswedi," nikasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alinitazama tu, halafu akasema, "Nilikuuliza kwa sababu nilikuamini kuliko macho yangu." Akasimama, akatoka. Mpaka leo hajanisalimia tena, na tukikutana sokoni anapita upande wa pili.

Chuo kikaniita kikaoni. Sina la kusema juu yao, walinitendea kwa haki. Wakaniondoa kwenye ushauri, nikapelekwa kutunza vifaa, nagawa karatasi na wino wa mashine. Wanafunzi wakipita wananiita "mama" kwa herufi ndogo, kama wanavyomwita muuza maandazi. Ni sawa. Hayo siyo yanayonikosesha raha.

Bwana Hiza alimtafuta Saada ampe kazi. Nilimsikia mtu akisema, nikafurahi kwa mara ya kwanza, nikajiambia basi, imekwisha salama, Mungu mkubwa. Kumbe Saada alisharudi Pemba. Macho ya mama yake yalikuwa yamekwenda kabisa, na asiyeona humhamishi. Nyumba yake anaijua kwa mikono, hatua za kwenda kisimani, mlango, mahali pa jiko. Vyumba viwili vya Tanga vingekuwa gereza kwake. Saada akamjibu Bwana Hiza, "Ahsante, lakini kazi hiyo niliitaka kwa jambo fulani, na jambo hilo limeshapita."

Niliposikia hayo sikuweza kukaa. Nikapanda boti, nikaenda kumwomba radhi. Nilijiandaa njia nzima. Nitapiga magoti, nitasema yote, mbele ya mama yake, anitukane, anifukuze, nitastahili.

Nikaelekezwa nyumba. Saada alikuwa uani anachambua mchele. Aliponiona alisimama, ungo mkononi. Kabla sijafungua mdomo sauti ya bibi, mama yake, ikatoka barazani. "Saada, nani huyo?"

Saada akanitazama. Akajibu, "Mwalimu wangu wa Tanga, mama. Yule aliyekuwa akinishauri."

Weee! Bibi alifurahi! Akanyoosha mikono hewani kunitafuta. "Karibu mwanangu, karibu, kaa kitako. Ndo wewe? Mtoto huyu hukutaja kila siku. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kunilelea mwanangu ugenini." Akanishika mkono, hakuuachia. Akaagiza chai, akaagiza mkate wa kumimina, akasema mgeni huyu asiondoke bila kula.

Hakujua. Saada hakumwambia kitu. Mama yule aliamini mpaka dakika ile kwamba mtoto wake alikosa kazi kwa bahati tu, na kwamba mimi nilikuwa mwema kwake.

Magoti niliyoahidi sikuyapiga. Maneno yote niliyoyapanga kwenye boti yakakauka. Ningeyasemaje, mkono wangu ukiwa ndani ya mikono yake?

Kisha bibi akanivuta karibu, akashusha sauti, akidhani Saada yuko mbali. "Mwanangu, wewe unaona. Hebu niambie kweli. Nikimuuliza huyu, huniambia kanenepa, uso wake unang'ara. Mie sikumuona tangu arudi. Alipofika nilikuwa nishaingia gizani. Niambie wewe mgeni, ni kweli?"

Saada alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, mifupa ya shingo imetokeza. Hakunikonyeza wala kutikisa kichwa. Alinitazama kuona mara hii nitasema nini juu yake.

"Kanenepa, bibi," nikasema. "Uso wake unang'ara."

"Alhamdulillahi," bibi akasema, akatabasamu mpaka machozi yakamtoka.

Nilikula ule mkate. Sijui ulikuwa na ladha gani.

Saada akanisindikiza mpaka barabarani. Nikaanza kulia, nikaanza kusema nisamehe, akaniinulia mkono. "Mwalimu," alisema, hakuniita Mama tena, "nilishajua siku nyingi. Bwana Hiza alinambia. Sikumwambia mama kwa sababu sikutaka akae gizani anamchukia mtu. Ahsante kwa ulivyomjibu leo. Lakini usije tena. Kila ukija itanibidi nikuheshimu mbele yake, na mie nimechoka."

Akageuka akarudi kwa mama yake. Sikumwita.

Basi ndiyo hiyo habari yangu. Nimeiandika huku kwa sababu kule nilikokwenda kuisema nilinyimwa nafasi, na nilistahili kunyimwa.

Wewe uliyeshika saini ya watu, wewe unayepigiwa simu kuulizwa habari za mtu, nakuomba. Ukiulizwa, taja jambo lenyewe alilokufanyia, usitaje jinsi ulivyonuna. Ukiona huwezi kulitaja jambo lenyewe, ujue kosa liko kwako, ukate simu.

Na nyie vijana wetu mliofundishwa adabu, msiiache, adabu ni nzuri. Lakini mkubwa akikutaka neno lako la siri, awe mwalimu, awe bosi, awe mama yako wa hiari, mwambie hapana, na umwambie wazi. Akinuna, mwache anune. Anayenuna kwa hilo ni mtu kama mimi.